Kando ya ziwa, maji ya kuua yanatoka mlimani: namna wakaaji wanajitayarisha kwa mvua kubwa

Vuhovi iko juu milimani, katika usheferi wa Bashu, teritware ya Beni. Hakuna ziwa pale. Lakini watu wa milima hii wanakula samaki wa Kyavinyonge, wengine wako na ndugu kule, wengine wanashuka kila juma kwa biashara. Butembo iko kwenye urefu wa mita 1,700 hivi, na Ziwa Edouard liko kwenye mita 900 na kidogo. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya upande wa mashariki inashuka mamia ya mita kuelekea bonde la Semuliki na ziwa. Njo maana habari ya mafuriko kando ya ziwa ni habari ya watu wa mlimani pia.

Katika majimbo ya mashariki ya Kongo, mvua kubwa zimeua watu wengi sana kwenye nafasi za kando ya maziwa: Uvira, Kalehe, Fizi. Ukiangalia namna mambo yalivyotokea, utaona kitu kimoja kinarudi. Watu walikuwa wanaogopa ziwa lililo mbele yao, na maji yaliyowaua yalitoka mgongoni.

Maji ya namna mbili

Mtu anayeishi kando ya ziwa anakutana na mafuriko ya namna mbili, na hayafanani hata kidogo.

Ya kwanza ni ziwa lenyewe kupanda. Hii inakwenda polepole, kwa majuma na miezi. Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri. Linapokea maji ya Rusizi na ya mito mingi ya milimani, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Maji mengine yote yanaondoka kwa mvuke, sababu ya jua. Mvua ikizidi miaka miwili ao mitatu mfululizo, ziwa linapanda. Katika miaka ya 1870 Lukuga ilizibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda sana, kisha mto ukajifungulia njia na maji yakashuka tena. Katika miaka ya 1960 ziwa lilipanda sana. Kuanzia 2020 hadi 2024 likapanda tena: Kalemie, Uvira, na ngambo kule Bujumbura na Gatumba, maji yaliingia katika nyumba na avenyu, na watu wakahama.

Maji haya yanaharibu mali na yanafukuza watu, lakini yanatoa muda. Mtu anaona leo yako kwenye ukuta wa jirani, juma lijalo yako kwenye mlango wake.

Ya pili ni mto kushuka kwa gafula. Hii inachukua saa, wakati mwingine dakika. Mvua inanyesha mlimani, udongo unakatika, mawe na miti vinaingia katika mto, na vyote vinashuka pamoja mpaka kwenye uwanda mdogo ulio kati ya mlima na ziwa. Uwanda ule njo nafasi watu walijenga, sababu ni tambarare, udongo wake ni mzuri, barabara inapita pale, na soko liko karibu. Lakini nani alitengeneza uwanda ule? Ni mto wenyewe, kwa mafuriko ya zamani. Kila tabaka la mchanga na mawe chini ya nyumba ni barua ya mafuriko yaliyopita.

Mambo matatu ya kukumbuka

Uvira, mwezi wa nne 2020. Muji huu umejibana kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Mito inakata muji katikati: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Mvua ya tarehe 16 hadi 17 mwezi wa nne ilijaza mito, hasa Mulongwe. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zilibomoka, na mitambo ya Regideso inayochota maji katika Mulongwe iliharibika. Muji ukabaki na maji mengi kila pahali na maji kidogo sana ya kunywa.

Kalehe, mwezi wa tano 2023. Siku ya alhamisi, tarehe 4, mvua ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kwenye pwani ya Ziwa Kivu, katika jimbo la Kivu ya Kusini. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko, watu walikuwa wengi kuliko siku zingine. Mito ilileta matope na mawe makubwa, ikabeba nyumba mpaka ndani ya ziwa. Waliokufa walipita 400, na wengi hawakuonekana tena. Serikali ilitangaza siku ya matanga ya taifa, tarehe 8. Na haikuwa mara ya kwanza: mwezi wa kumi 2014, teritware hii hii ya Kalehe ilipoteza watu kwa mvua ya namna hii.

Kasaba, mwezi wa tano 2025. Ni kijiji cha sekta ya Ngandja, teritware ya Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika. Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 maji yalishuka wakati watu wamelala. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Mambo haya matatu yalitokea mwishoni mwa majira ya mvua, mwezi wa nne na wa tano, wakati udongo umekwisha kunywa maji kwa miezi mingi na hauwezi kupokea mengine. Upande wa Beni na Butembo, mvua ziko na vipindi viwili: mwezi wa tatu hadi wa tano, na mwezi wa nane hadi wa kumi na mbili. Miezi ya mwisho ya kila kipindi inaomba uangalifu zaidi.

Mbele ya mvua kuanza

Kazi ya kwanza ni ya kutembea, na haina bei. Wakaaji wa avenyu moja, pamoja na chefu wa kartie, wanapanda kando ya mto mpaka nafasi wanayoweza kufika, wakiangalia. Wapi ukingo umekatika? Wapi miti imelala ndani ya mto? Wapi kuna ufa katika mlima? Daraja gani ni jembamba na linaweza kuziba? Wazee wanaulizwa maji yalifika wapi miaka iliyopita. Alama inawekwa kwa rangi kwenye ukuta ao kwenye mti, ili hata mpangaji aliyefika jana aione.

Mpangaji na mkimbizi wanasahauliwa mara nyingi. Vita katika teritware ya Beni na kwingine vimehamisha watu wengi, na mtu aliyefika bila kitu anapata nyumba ya bei ndogo. Nyumba ya bei ndogo mara nyingi ni ile iliyo karibu na mto. Yeye hajui historia ya nafasi ile, na hakuna aliyemwambia.

Kazi ya pili ni ya salongo. Kanivo zinasafishwa mbele ya mvua, na takataka inapelekwa mbali. Ikiachwa kandokando, mvua ya kwanza inairudisha ndani. Chupa za plastiki na mifuko zinaziba tundu la chini ya barabara haraka kuliko udongo. Chini ya madaraja, magogo yanatolewa. Gogo moja linashika matawi, matawi yanashika majani, na daraja linageuka ukuta. Maji yanatafuta njia nyingine, na njia ile ni avenyu ya watu.

Kwenye nafasi ambako mto unakula ukingo, watu wanaweka mifuko ya mchanga ao gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe. Vinasaidia kulinda ukingo. Lakini ukuta wa mawe hauwezi kumwokoa mtu aliyejenga ndani ya njia ya mto. Akiona gabioni, asijiseme kwamba sasa anaweza kulala bila wasiwasi.

Kazi ya tatu ni ya nyumbani. Karte ya uchaguzi, karatasi za kiwanja, vyeti vya masomo, karte ya chanjo ya mtoto: vyote katika mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, unaotundikwa karibu na mlango. Picha za karatasi zile zinatumwa kwa simu ya ndugu anayeishi mbali. Tochi, redio ndogo na mawe yake, bidoni moja ya maji safi, dawa za mgonjwa wa nyumba. Simu inalala ikiwa imechajiwa. Wakati wa kukimbia, mtu anayerudi ndani kutafuta karatasi njo anayekutwa na maji.

Likelemba za wamama zinaweza kuingia katika kazi hii. Kundi linalokusanya feza kila juma linaweza kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya mvua: kulipa motari wa kubeba mzee, kununua bashi, kulipa nyumba ya siku chache kwa mwenzao aliyepoteza yake.

Nani anapiga mluzi?

Shirika la serikali la hali ya hewa, Mettelsat, linatoa habari za mvua, lakini habari ya jimbo zima haiwezi kusema mto wa kartie fulani utajaa saa ngapi. Anayejua kwanza ni mtu anayeishi juu, karibu na chanzo. Njo maana mnyororo wa simu ni kitu cha maana sana. Watu wawili ao watatu wa kijiji cha juu wanajulikana kwa majina na namba zao. Mvua ikizidi kule, wanaita watu wa chini, hata kama chini jua linawaka. Watu wengi wamekufa chini ya anga isiyo na mvua, sababu mvua ilikuwa mlimani.

Simu inaweza kukosa rezo. Kwa hiyo lazima kuwe na sauti ya pili: kengele ya kanisa, ngoma, filimbi, spika ya muskiti. Jambo moja la kupatana mbele: sauti gani inamaanisha kukimbia, na inatumiwa kwa jambo lile tu. Kengele ikilia kwa misa na kwa mafuriko namna moja, hakuna atakayetoka kitandani.

Alama za mto wenyewe zinafundishwa kwa watoto masomoni. Maji yanageuka rangi ya udongo kwa gafula. Matawi mabichi na miti yenye mizizi inapita. Mlio kama wa lori zito unasikika kutoka juu. Harufu ya udongo mbichi inajaa. Na alama moja inayodanganya watu: mvua inanyesha sana, lakini mto unapungua. Mtu anafurahi, anasema hatari imekwisha. Kwa kweli inawezekana mlima umekatika na kuziba mto kule juu, maji yanajikusanya nyuma ya udongo ule, na ukipasuka yote yatashuka pamoja. Mto ukipungua wakati mvua inaendelea, watu watoke bila kungoja.

Kukimbia kwa njia gani

Mto unapita katika bonde. Anayekimbia kufuata bonde anashindana na maji, na maji yatamshinda. Njia ya kupona ni kutoka kando, kupanda kwenye nafasi ya juu iliyo imara, mbali na mto na mbali na mteremko wenye nyufa. Nafasi ile inachaguliwa mbele: masomo, kanisa, uwanja. Inajaribiwa mchana, pamoja na watoto na wazee, kisha inajaribiwa usiku, sababu avenyu inayopitika vizuri mchana inaweza kuwa mtego usiku bila taa.

Hakuna kuvuka maji yanayokwenda mbio. Maji ya sentimita 15 yakienda kwa nguvu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuelekeza gari dogo kwenye mto. Pikipiki haina bahati kuliko gari. Chini ya maji ya matope hakuna anayeona kama barabara bado iko ao imekwisha kukatika.

Kila avenyu iandike watu wanaoomba msaada: mama aliyejifungua, mzee asiyetembea, kipofu, mtoto anayebaki peke yake mzazi akiwa kazini. Kwa kila mmoja jirani anachaguliwa, na anajua kwamba ni yeye. Kazi ikiwa ya watu wote, usiku ule inakuwa ya hakuna mtu.

Wakati ziwa linapanda

Kwa maji ya polepole, kazi ni nyingine. Kijiti chenye alama kinasimikwa kwenye ukingo, na mtu mmoja anaandika kila juma maji yamefika wapi. Daftari ile inasaidia watu kuamua kwa macho, bila kubishana. Choo njo kitu cha kwanza kuangaliwa, mbele hata ya nyumba, sababu maji yakiingia chooni uchafu unatembea kartie nzima. Choo kilicho karibu na maji kinafungwa na kingine kinachimbwa juu zaidi. Mali inahamishwa wakati barabara ingali kavu na bei ya usafiri haijapanda.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa Ziwa Edouard na Tanganyika wanaijua: viboko na mamba. Ziwa likiingia kwenye avenyu, nyama hawa nao wanakaribia nyumba. Watoto hawaogi wala hawachoti maji pale usiku.

Nyuma ya maji

Mafuriko yakipita, ugonjwa unafika. Uvira ni muji ambao kipindupindu kinarudi mara kwa mara, na maji ya bomba yakikatika hatari inazidi. Maji ya kunywa yanachemshwa ao yanatiwa dawa ya klori kwa kipimo kinachotolewa na watu wa afya. Kisima kilichoingiwa na mafuriko hakitumiwi mpaka kisafishwe. Chakula kilichogusana na maji yale kinatupwa, hata kama inauma.

Mtu akianza kuhara maji maji, anapelekwa kwenye kituo cha afya mara moja, na njiani anakunywa. Kama hakuna dawa ya pakiti, inatengenezwa nyumbani: litre moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi kipimo hicho.

Kurudi nyumbani kunafanyika mchana, kisha kuangalia kuta na mlima wa nyuma. Ukuta wa udongo uliolowa unaweza kuanguka siku mbili ao tatu baadaye, wakati jua limerudi na watu wamekwisha kulala ndani.

Sehemu ya watu wa mlimani

Hapa Vuhovi na vijiji vya Bashu vinaingia. Mlima uliolimwa kutoka juu hadi chini, bila majani ya kushika udongo, hauwezi kuzuia maji. Tone linagonga udongo mtupu, udongo unashuka, mto unajaa, na daraja la chini linaziba. Mlimaji anapoteza udongo wa shamba lake, na mvuvi wa chini anaupata ndani ya nyumba yake. Wote wawili wamepoteza.

Wazee wanajua dawa yake: kulima kwa kukata mteremko, matuta yakifuata mlima kwa upana, kupanda matete ao setaria kwenye mistari, majani ambayo pia yanalisha mbuzi na ngombe, kuacha miti kwenye kichwa cha mlima na kando ya mto. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko, na kwa sababu ilikuwa kazi ya kulazimishwa, wengi waliiacha uhuru ulipofika. Kazi ilikuwa nzuri, namna ya kuiomba ilikuwa mbaya. Leo inaweza kurudi kwa mapatano ya watu wenyewe. Mikaratusi inaleta feza ya haraka ya mbao na makala, lakini chini yake majani yanakuwa haba. Kwenye mteremko mkali haitoshi peke yake.

Hakuna anayeweza kuhamisha Kyavinyonge, Bushushu ao Uvira kwa siku moja. Watu wako pale juu ya samaki, soko na bandari, na anayewaambia wahame lazima aseme watakula nini. Lakini kati ya kuhama na kungoja kifo kuna kazi nyingi, na karibu zote zinafanyika siku ambazo jua linawaka.

Maswali sita kwa kila avenyu mbele ya mvua

Nyumba zipi ziko ndani ya njia ya zamani ya mto, na wapangaji wake wameambiwa?

Kanivo na chini ya daraja vimesafishwa, na takataka imepelekwa wapi?

Nani kule juu atapiga simu, na namba yake iko kwa watu wangapi?

Sauti gani inamaanisha kukimbia, na rezo ikikosekana nani anaipiga?

Nafasi ya kukimbilia ni ipi, na imejaribiwa usiku?

Nani anabeba nani?

Avenyu ambayo haina jibu kwa swali la tatu na la sita ianze na hayo mawili, hata leo jioni.